Arabuni, Ulaya na Mbinguni kwa Pikipiki

Nimestaafu Jumamosi iliyopita nikiwa na miaka kumi na minane. Hakukuwa na keki wala saa ya ukutani. Kaka Lucas alinidai funguo za stoo, akanipa soda, akasema, "Haya mstaafu, na lile shuka ulirudishe limefuliwa." Hotuba ikaishia hapo.

Nawaandikia nyinyi, Kulwa na Doto, kwa sababu mnaanza kazi wiki ijayo na mimi nakwenda kidato cha tano mkoa mwingine. Ningewaeleza kwa mdomo, ila mnanijua: mkinitazama wote wawili kwa pamoja nasahau hata jina langu. Kwenye karatasi naongea vizuri tu. Mambo ya malipo sitayagusa, maana chipsi na nauli ya bodaboda havijazi ukurasa. Nitawaeleza kazi.

Kazi yenyewe ni kutafuta maeneo. Kaka Lucas ana studio pale Kahama, nyuma ya mama mmoja anayeuza maandazi, na anapiga video za wasanii wa huku kwetu: wa bongo fleva, wa kwaya, wa nyimbo za asili. Msanii anakuja na wimbo na ndoto. Ndoto huwa ni ng'ambo. Sasa mtu akitaka Arabuni, na nauli yake inamfikisha Mwakitolyo, lazima awepo wa kumtafutia Arabuni huko huko Mwakitolyo. Huyo nilikuwa mimi.

Niliipata kwa bahati. Likizo ya kidato cha pili nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha video cha mjomba nikiuza tiketi, filamu za nje zilizotafsiriwa na yule mtu anayepiga kelele kuliko waigizaji. Wengine waliangalia ngumi. Mimi niliangalia nyuma ya ngumi: kilima, ukuta, rangi ya udongo. Nikawa naandika kwenye daftari: "Hapa panafanana na njia ya machinjioni." "Msitu huu ni mikorosho, wanatudanganya." Siku moja Kaka Lucas akaja kumwona mjomba, akalifungua daftari langu bila kuomba, akasoma kurasa tatu amesimama.

"Nani kaandika haya?"

Nikanyanyua kidole, kama darasani.

"Unaongea?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, naongea. Akacheka mpaka mjomba akatoka ndani. Kesho yake nikaanza kazi.

Siku ya kwanza alinikabidhi vifaa, na ni hivyo hivyo mtakavyovikuta stoo. Shuka jeupe la kurudishia mwanga usoni kwa msanii. Mkilishika juani msilitazame. Spika ndogo ya kuchezea wimbo, inayodondoka sana lakini haifi. Fimbo ya mbwa na nyoka. Pipi za kuwapa watoto ili wasimame nyuma ya kamera na siyo mbele. Na daftari. Kaka Lucas alinichorea safu tatu: mahali, mwanga unafika saa ngapi, panafanana na wapi. Safu ya nne niliiongeza mwenyewe baadaye, na ndiyo inayonifanya niandike barua ndefu hivi.

Arabuni tulikwenda mwezi huo huo. Kijana mmoja wa Shinyanga mjini alitaka jangwa, nami nikakumbuka vilima vya marudio kule Mwakitolyo, ule mchanga unaobaki wakishasaga mawe ya dhahabu. Ukikata picha vizuri, kimya, njano, hakuna jani. Msanii alivaa kanzu ya kuazima na miwani. Tatizo ni kwamba jangwa lile lina makarasha, zile mashine za kusagia mawe, na makarasha hayanyamazi. Kaka Lucas akaenda kuwaomba wazime kidogo.

"Tumzimie nani?" mchimbaji mmoja akauliza, uso mweupe kwa vumbi.

"Msanii."

"Msanii gani? Mbona simjui?"

"Ndo atajulikana sasa."

"Basi akijulikana arudi, tutazima."

Msanii alinuna nusu saa ndani ya kanzu. Lakini Kaka Lucas alikaa akisikiliza, akaanza kutikisa mguu. Karasha lilikuwa linapiga mdundo, sawasawa kabisa, na wale waliokuwa wanavuta kamba kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, walikuwa wanaimba juu yake, mmoja anaita na wengine wanaitikia. Akairekodi yote. Wimbo ule ukatoka na karasha ndani, na ndiyo sehemu pekee watu waliyoipenda. Nikajifunza kwamba mahali pakiwa na sura ya nchi nyingine, bado pana sauti yake. Ukifika funga macho kwanza, halafu ndiyo uangalie.

Ulaya ipo Ushetu. Mabani ya kukaushia tumbaku, majengo marefu ya matofali yasiyo na madirisha, moshi unatoka juu: mwanadada mmoja alisimama mbele ya moja na gauni refu akawa malkia kwenye ngome. Nyuma ya bani wanawake walikuwa wanafunga majani kwenye vijiti na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti nne, kama vile hawafanyi lolote. Malkia akasahau maneno yake akiwasikiliza. Mbinguni napo nilipapata, upande wa Bulyanhulu. Kwaya ya kina mama ilitaka mbingu, na mwalimu wa kwaya akatoa sharti moja: "Mbinguni kusiwe na nguzo za umeme." Huo mkoa wote una nguzo. Nilizunguka na bodaboda siku mbili mpaka nikapata jabali kubwa ambalo saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu unalizunguka chini, unaona kilele tu. Kina mama wakapanda na sare zao za zambarau. Mmoja akachomwa mguuni, akasema, "Mwalimu, kumbe mbinguni nako kuna miiba?" Mwalimu akajibu, "Hiyo ni ya walioacha mazoezi."

Kwa hiyo mimi nimefika Arabuni, Ulaya na mbinguni, na ziwa lenyewe la pale Geita sijalivuka.

Ila mpaka hapo, mkisoma vizuri, mtaona kuna kitu sijafanya. Mwakitolyo aliyeomba ni Kaka Lucas. Ushetu bani lilikuwa la kaka yake mama wa maandazi. Kule kwenye jabali aliomba mwalimu wa kwaya. Mimi kazi yangu ilikuwa kuona. Majabali na miti havikuulizi umetoka kwa nani, unasoma wapi, mbona huongei. Niliipenda kazi ile kwa sababu hiyo hasa, sitawaficha.

Mwaka uliofuata, likizo ya mwezi wa sita, Kaka Lucas akaniambia, "Minza, sasa wewe ni mkubwa. Ukipata mahali, unaomba mwenyewe." Nikasema sawa. Ni neno rahisi sana, sawa.

Kazi ilikuwa ya Manju Mhoja. Manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma, na huyu alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye sauti inayofika kabla yake. Alikuwa na wimbo wa kumsifu dume la ng'ombe alilolipenda kuliko ndugu zake, na alitaka video yake itoke kabla ya mbina, yale mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Lakini jina lake lilikuwa limejengwa na wimbo mwingine wa zamani, wa kuwazomea watu wanaoingiza mifugo kwenye ngitili. Mnajua ngitili ilivyo: sehemu ya malisho ambayo kijiji kinaifunga tangu mvua, hakuna ng'ombe kuingia, majani yanatunzwa mpaka kiangazi kikali wazee wanapoifungua. Haina uzio. Uzio wake ni aibu. Na aibu hiyo, kwa sehemu kubwa, ilikuwa wimbo wa Manju.

Mimi nikapapenda hapo hapo. Nilizunguka kijiji chake kizima, kila mahali pamekauka na pamekanyagwa, halafu nikatokea kwenye ngitili: majani yamefika kiunoni, yana rangi ya dhahabu juu na kijani chini, upepo unayalaza. Nikaandika kwenye daftari, "Panafanana na kokote duniani." Mlinzi wake alikuwa Mzee Shija. Nikaelekezwa kwake nikaombe ruhusa.

Boma la Mzee Shija limezungushiwa minyaa mirefu. Nilifika saa kumi jioni. Ndani nikasikia sauti za wanaume, wengi, wanacheka. Nikasimama nje ya minyaa nikajifanyia mazoezi: "Mwadila babu. Shikamoo. Naitwa Minza, natokea Kahama." Nikarudia. Nikabadilisha, nikaanza na shikamoo, salamu ya Kisukuma baadaye. Mbwa akabweka. Mtu akacheka tena ndani nikaona ananicheka mimi. Sijui nilisimama muda gani, najua kivuli cha minyaa kilinipita. Halafu nikaondoka. Njiani nikajipa hoja: sisi hatuchungi, tunapiga picha tu. Nikafungua daftari, mbele ya jina la ngitili nikaandika "tayari".

Kesho yake asubuhi Manju alikuja na ng'ombe wake thelathini na lile dume limevalishwa njuga. Kaka Lucas alikwisha kuwasha kamera anajaribu sauti. Manju akasimama ukingoni, mguu mmoja nje.

"Binti, umeomba kwa Shija?"

"Nimeomba, babu."

"Alisemaje?"

"Alisema sawa."

Akaingia. Aliniamini kwa sababu huku kwetu mtoto hamdanganyi mtu wa umri ule kuhusu jambo lile. Hata wezi wa ng'ombe wangefikiria mara mbili.

Sasa hapa kuna jambo mtu wa mjini hulisahau. Msanii unamwambia asimame, anasimama. Ng'ombe hajui kuigiza. Walipoona yale majani hawakuinua vichwa tena.

"Mzee, tunaona migongo tu!" Kaka Lucas akalalamika. "Wainue vichwa kidogo!"

"Waambie wewe," Manju akasema. "Mimi wananijua, hawanitii."

Tukarudia mara sita. Kila tukirudia, ngitili inapungua. Mara ya saba tukasikia yowe upande wa kijijini, likapokelewa na lingine, na wanaume wakatokea na fimbo, Mzee Shija mbele, mfupi, kofia ya pama. Hakupaza sauti.

"Mhoja. Wewe?"

"Tumeruhusiwa," Manju akasema.

"Na nani?"

Manju akageuka akanitazama. Mimi nikatazama dume. Njuga zake naziona mpaka leo, saba, moja imepasuka. Manju akaendelea kunitazama kidogo, akaelewa, nikaona alivyoelewa. Kisha akamgeukia Mzee Shija akasema, "Ng'ombe ni wangu."

Mkutano ukapangwa keshokutwa yake, saa nne, uwanja wa godauni la pamba. Na habari ikatangulia: Manju Mhoja, yule wa wimbo, amekamatwa ndani ya ngitili. Wapinzani wake wa ngoma, tuliambiwa, walikwisha kutunga beti mbili. Wazee walikuwa wanasema mwaka huu asisimame kwenye mbina. Kwa mtu kama yule hiyo siyo adhabu ya mwaka mmoja. Akikaa chini na miaka sabini, hainuki tena.

Nilikwenda studio. Kaka Lucas alikuwa amevaa vile visikilizio vyake vikubwa. Akavivua akanipa. Nikasikia upepo, njuga, halafu sauti ya Manju, halafu kasauti kangu: "Nimeomba, babu."

"Hii ipo kwangu tu," Kaka Lucas akasema. "Nikiifuta, haikuwepo. Mzee mwenyewe hajakutaja."

"Ndiyo hiyo sasa," nikasema.

"Ndiyo ipi?"

"Hajanitaja."

Akanitazama. "Unataka kwenda kusema?"

"Siwezi kusema. Unajua siwezi. Naomba spika."

Keshokutwa nikasimama uwanja wa godauni mbele ya watu ambao sikuwahesabu kwa sababu nilikuwa natazama chini. Manju alikuwa amekaa kwenye gogo peke yake. Mzee Shija akauliza kama kuna mwenye neno kabla wazee hawajatamka. Nikanyanyua kidole. Nikaweka spika chini, nikabonyeza simu, na kwa sababu Mungu ana utani wake, ikaanza ule wimbo wa Arabuni na karasha lake, kwa sauti ya juu kabisa. Watu wakaangua kicheko. Nilibonyeza mara tatu ndipo ikanyamaza. Halafu ikaja ile nyingine, upepo, njuga.

"Binti, umeomba kwa Shija?"

"Nimeomba, babu."

Mama mmoja nyuma akasema taratibu, "Kasauti kenyewe kama kifaranga."

Mzee Shija akanisogelea. "Hii ni sauti yako?"

"Ndiyo, babu."

"Na ulikuja kwangu?"

"Hapana. Nilifika nje, nikaogopa."

"Uliogopa nini? Mbwa?"

"Watu, babu."

"Watu gani?"

"Wote."

Wakacheka tena, ila safari hii haikuniuma sana. Mzee Shija hakucheka. Akarudi kwa wenzake, wakainamiana, akaja na hukumu. Majani yameliwa na ng'ombe wa Mhoja, kwa hiyo Mhoja atatoa mbuzi, na naye atakula pamoja na wazee. Kuhusu mbina: "Ngitili hii ina kaya thelathini na nne. Binti atapita zote. Ataingia, siyo kusimama nje. Ataamkia, atasema alichofanya, ataomba. Akimaliza kabla ya mbina, Mhoja atasimama. Asipomaliza, hatasimama." Mbina ilikuwa baada ya siku kumi.

Siku ya kwanza nilimaliza kaya moja. Nilitapika mara mbili, siwafichi. Siku ya pili mbili. Kaka Lucas akapiga hesabu akashika kichwa. Siku ya tatu Manju mwenyewe akaja kunisindikiza, ila alikuwa anabaki njiani anapiga soga na wapitanjia, hakuingia hata mlango mmoja. "Mimi nimeshaimba miaka hamsini," aliniambia. "Zamu yako." Kaya ya tisa waliniambia nirudie kwa sauti kwa ajili ya bibi asiyesikia, nikarudia mara nne, mara ya nne nikawa napiga kelele kama mnadani na bibi akasema, "Kumbe anajua!" Kaya ya kumi na tano walinipa viazi nimenye wakati naomba msamaha. Kaya ya ishirini walisema wamesikia ninazunguka, wakanialika kula kabla sijafungua mdomo, na nikagundua nimeongea mwenyewe kuanzia uji mpaka maji ya kunawa. Kila nilipoingia niliona kitu: ua wenye mwanga mzuri saa tatu, mlango wa buluu, mzee anayepiga zeze akiwa amelala chali. Nikawa naandika. Hapo ndipo safu ya nne ilipozaliwa: "Mwenyewe nani."

Ya thelathini na nne niliiacha makusudi ikawa ya mwisho. Siku ya kumi, saa kumi jioni, nikafika kwenye minyaa ile ile. Ndani wanacheka vile vile. Nikapita.

"Mwadila babu, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Nikaomba. Nikaomba vizuri, kwa sauti, bila kutazama chini. Akasikiliza mpaka mwisho, akamwita mkewe alete chai.

"Hii ni ya pili," akasema. "Ya kwanza ilipoa."

"Ya kwanza ipi, babu?"

"Siku ile niliona viatu chini ya minyaa. Yeboyebo za pinki. Nikasema kuna mgeni anajikusanya, tumsubiri. Nikaagiza chai." Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimezivaa. "Mwenye viatu sikumjua mpaka uliposimama pale godauni."

Nikanywa ile chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno na niliimaliza.

Manju alisimama kwenye mbina. Wapinzani walimwimbia zile beti mbili, na ya tatu ilikuwa yangu, "kifaranga wa minyaa", na watu elfu nzima, au ndivyo nilivyoona mimi, wakanigeukia. Sikufa. Yeye akawajibu kwa wimbo wa dume, na mkitaka kujua nani alishinda waulizeni watu wa kijiji kile, kila mmoja atawapa jibu la upande wake.

Video tuliimalizia mwezi wa nane, siku ngitili ilipofunguliwa. Kaya zote thelathini na nne zilileta ng'ombe wao, mbele ya majani yote yale, na hawakuhitaji kuinua vichwa. Mlima mzima wa migongo unaotembea ulitosha. Kaka Lucas aliwasha kamera. Manju akasimama ukingoni, mguu mmoja nje, dume pembeni na njuga zake saba. Mzee Shija alikuwa ng'ambo, mbali, na badala ya kuashiria kwa fimbo kama walivyopatana akaita kwa nguvu zake zote:

"Binti! Umeomba?"

"Nimeomba, babu!"

Ilinitoka tumboni. Ng'ombe wa karibu walishtuka. Kaka Lucas akashusha mikono akasema nimeharibu, turudie, au ataikata.

"Usiikate," Manju akasema. "Wimbo umeshaanza."

Hajaikata. Itafuteni, Kulwa na Doto, kabla hamjatoka na lile shuka. Kabla ya ngoma ya kwanza, kuna upepo, kuna njuga, halafu nipo mimi.